Fundi rangi aliyechagua kitabu kichafu

Jua halijavuka ukuta wa uani, na tayari sebule ya nyumba isiyo na milango inanuka rangi mbichi. Mwanamke amesimama kwenye ngazi ya mbao, kichwa amekifunga mfuko wa plastiki, anapitisha brashi pale ukuta unapokutana na dari. Hatumii rula wala utepe. Mkono unakwenda taratibu, mstari unabaki umenyooka na dari haiguswi.

Chini yake, juu ya mifuko mitupu ya saruji, wamekaa wasichana wawili. Mkubwa ana miaka tisa na ameshika kitabu kisicho na jalada. Mdogo ana miaka mitano na ameshika mkate.

"Mama, leo kitabu kinasema tuchore kitu kilichochoka," anasema mkubwa.

"Si mimi hapa," anajibu mama bila kugeuka.

Msichana anamtazama mama yake, anatazama ngazi, kisha anaanza na ngazi. Kuta tatu za sebule zimekwisha. Wa nne, ule unaotazamana na mlango, umejaa michoro ya chaki kuanzia sakafuni hadi pale mkono wa mtoto wa miaka tisa unapofika. Fundi ameupa mgongo tangu alfajiri. Mwenye nyumba anakuja kesho kukagua, na ukuta huo lazima uwe mweupe kama wenzake.

Mafundi wenzake wanamwita Mama Rola. Jina alilopewa na wazazi analitumia benki na hospitali tu. Ni mwaka wake wa kumi na nne katika kazi ya kupaka rangi nyumba za watu, na miaka saba ya mwisho ameifanya pamoja na mumewe, fundi wa marumaru. Wanachukua kazi za kumalizia nyumba wakiwa wawili: mmoja kuta, mwingine sakafu.

"Hatugombani," anasema mume, akiwa amepiga magoti chooni na nyundo yake ya mpira. "Tunagombania pale chini tu. Mimi sitaki rangi kwenye marumaru zangu, yeye hataki saruji kwenye ukuta wake. Ndoa nyingi zina mpaka wenye matata kuliko huo."

Familia inaishi humo humo kwenye nyumba inayomaliziwa. Mwenye nyumba anapata walinzi bila kuwalipa, na wao wanapata paa bila kodi. Siku nyumba inapopendeza ndiyo siku ya kufunga virago. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na Mama Rola hajawahi kulala katika chumba kilichokwisha kupakwa rangi zaidi ya usiku mmoja.

Maisha hayo ndiyo yaliyowatoa watoto shuleni. Kila walipohama, binti mkubwa alianza upya: barua ya uhamisho, sare nyingine, mwalimu mwingine aliyemrudisha darasa la nyuma ili amjue kwanza. Aliporudishwa mara ya pili, mama na baba walikaa chini wakakata shauri. Watamfundisha wenyewe nyumbani, kwa vijitabu vya masomo kutoka kituo cha elimu ya masafa, naye atakwenda kituoni mara mbili kwa mwaka kufanya mitihani.

Hesabu hazikuwasumbua. Ukimuuliza binti ukuta wa mita tatu kwa nne unakula rangi kiasi gani, anakujibu na kukuuliza kama ukuta huo una dirisha. Lugha alisaidiwa na baba yake, ambaye husoma kila kipande cha gazeti kinachofungiwa marumaru. Likabaki somo la sanaa. Katika kijitabu cha masomo lilikuwa na mstari mmoja tu: mzazi achague mwenyewe vitabu na vifaa vinavyomfaa mtoto wake.

"Nilicheka," anasema Mama Rola. Ameshuka kwenye ngazi na anakunywa chai kwenye kopo lililowahi kuwa la rangi, ingawa anaapa limeoshwa. "Nikajiambia, kwenye sayansi nitaomba msaada, kwenye historia nitaomba msaada. Lakini rangi? Rangi si ndiyo inayonilisha? Somo lile niliona nimeshalifaulu kabla halijaanza."

Hapo ndipo alipojikwaa.

Binti huyo mkubwa wanamwita Chiriku, kwa sababu alianza kusema mapema na hakuona sababu ya kunyamaza. Alichora kama alivyosema, bila kupumzika. Alichora kwenye mifuko ya saruji, kwenye makasha ya marumaru, kwa kidole kwenye vumbi la vioo vipya. Mdogo wake, ambaye wanamwita Tone, alikuwa mteja wake mkuu. Tone aliagiza na Chiriku akachora.

Katika nyumba moja waliyokuwa wakimalizia, Tone aliagiza ng'ombe. Kisha akahurumia miguu yao, sebule ilikuwa na misumari, akaagiza wavishwe viatu. Chiriku akachukua rangi za nta alizonunuliwa siku ile ile, akachora kundi zima la ng'ombe wenye viatu kwenye ukuta wa sebule uliokuwa umepigwa praima tu, ukisubiri rangi yenyewe.

Mama Rola aliporudi kutoka dukani aliwakuta ng'ombe wale, akacheka, akachukua rola akawafunika.

Kila fundi rangi anajua kwamba nta na rangi ya maji hazipatani. Ukipaka juu ya nta bila kuizuia kwanza, rangi itakubali leo na kukusaliti baadaye. Mama Rola anajua hilo kuliko anavyojua namba yake ya simu.

"Nilijua," anasema. "Mwenye nyumba alikuwa anahamia wiki ile, anapiga simu kila saa. Nikasema mkono wa pili wa rangi utafunika. Haraka ile, we acha tu."

Wiki tatu baadaye ng'ombe wakaanza kutoka. Vilitangulia viatu. Mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyeingoja nyumba ile maisha yake yote, alikuwa na wageni sebuleni mmoja wao alipouliza kwa nini ukuta una viatu. Kesho yake vikaonekana vichwa.

Mama Rola alirudi kukwangua ukuta ule, kuupiga rangi ya kuzuia madoa na kuupaka upya kwa gharama yake. Hilo alilimeza. Kilichomkaa kooni ni nyumba ya pili. Ndugu wa mama yule alikuwa amewaahidi kazi, nyumba ya ghorofa, miezi ya kula bila wasiwasi. Akawapa mafundi wengine. Mume na mke wakakaa mwezi mzima bila kazi, na bila kazi maana yake bila paa. Walihifadhiwa na wifi yake, dada wa mumewe, watu wanne katika chumba cha mizigo.

Katika chumba hicho ndipo alipozungumza na binti yake.

"Sikumpiga," anasema, akiuzungusha mpini wa brashi mkononi. "Pengine ningempiga yangeisha, maana kofi linapoa. Nilimkalisha nikamwambia kwa upole kabisa. Nikamwambia, mwanangu, tumemwaga unga kwa sababu ya ng'ombe wako. Kuanzia leo utachora ndani ya mstari."

Mtoto aliitikia. Alikuwa mtoto msikivu, na hilo ndilo lililoleta balaa.

Mama Rola alikwenda duka la vifaa vya shule na kuchagua vitabu kama anavyochagua rangi. Alipapasa karatasi kuona kama ni nzito. Alilowesha kidole akasugua ukurasa kuona kama wino unatoka. Akanunua vitabu vitatu vya picha za kujazia rangi, vyenye mistari minene myeusi isiyo na utata: maua, magari, samaki.

Kisha akafundisha kama alivyofundishwa yeye. Utepe wa karatasi ubandikwe pembeni kwanza. Anza ukingoni, kisha jaza katikati. Mkono uende upande mmoja tu. Subiri ikauke. Usivuke.

Chiriku alijifunza upesi kuliko vibarua wote waliowahi kupita mikononi mwa mama yake. Baada ya muda mfupi alikuwa anajaza ukurasa mzima pasipo doa, samaki kumi na magamba yao, kila gamba limekaa nyumbani kwake. Mama alivipeleka vitabu kazini kuwaonyesha wenzake. Fundi bomba mmoja alisema mtoto huyo akipewa madirisha atawaharibia watu soko. Mwalimu wa kituo alimpa alama za juu, na wifi akabandika kurasa mbili ukutani kwake.

Nyumbani kukawa na utulivu. Hakuna aliyeshtuka kwamba Chiriku amepunguza maneno. Walidhani anakua.

Mtihani wa katikati ya mwaka ulikuwa mwepesi. Kila mtoto alipewa karatasi tupu na kuambiwa achore chochote anachopenda. Muda ulipokwisha, Chiriku alirudisha karatasi nyeupe. Pembeni, pande zote nne, alikuwa amebandika utepe, umenyooka, pembe zake zimekutana bila kupishana.

"Nikamuuliza, mwanangu, ulikuwa unaumwa?" anasimulia Mama Rola. "Akanambia, hapana. Nikamuuliza, sasa mbona hukuchora? Akanambia, mama, mstari haukuwepo."

Chooni nyundo ya mpira imesimama, baba anasikiliza.

"Niliona kama ni mimi nimeshika rola nikampaka mwanangu. Nimemfunika kabisa, hata hatoki tena. Wale ng'ombe walikuwa na nguvu kuliko yeye."

Usiku ule mama mwenyewe aliagiza ng'ombe, kwa kumbembeleza, akamwekea penseli na mfuko wa saruji. Chiriku alisema yeye hajui kuchora ng'ombe. Tone akalia, kwa sababu yeye alikuwa amewaona.

Tangu hapo Mama Rola alianza kutafuta kitabu. Si kitabu chochote, bali kitakachomrudisha mwanawe pale alipomtoa. Hakuwa na mtu wa kumuuliza. Akajikuta anatafuta kama anavyotafuta rangi iliyokwisha kuondolewa sokoni, duka hadi duka, akieleza kwa mikono.

Wifi alitangulia kusaidia. Alileta sanduku la penseli za rangi, zimepangwa kama meno, na kijitabu chake cha maelekezo. Chiriku alilifungua, akalitazama, akalifunga. Kila jioni alilifungua na kulifunga. Mama alipomuuliza mbona hachori, alisema akizichonga zitakuwa fupi na hazitalingana tena.

Kikaja kitabu cha kufundisha kuchora wanyama kwa hatua: duara dogo, duara kubwa, miguu, mdomo, na kuku amepatikana. Mama Rola alifurahi, maana hapo palikuwa na kuchora na si kujaza tu. Chiriku alichora kuku yule hadi akawa anamchora akiwa amefumba macho. Siku moja kuku wa jirani akaingia uani, mama akamwambia binti amchore huyo, yu hai, anatembea. Chiriku alimtazama kuku, akatazama kitabu.

"Huyu amesimama vibaya," alisema.

Yakafuata masomo ya kwenye simu. Mwalimu alikuwa mcheshi na mikono yake ilikwenda mbio kuliko macho ya mtoto. Kila alipofika mahali patamu alitaja aina ya karatasi ambayo hakuna duka lililowahi kuisikia. Bando la simu liliisha katikati ya kuchora mti. Mama alipolinunua tena, Tone alikuwa amejifunza kubonyeza, na somo la sanaa likageuka katuni.

Mume alianza kuona mkewe anazidisha. "Nikamwambia, mke wangu, mchagua jembe si mkulima," anasema kutoka chooni. "Vitabu vyote ni vitabu. Akanijibu, na wewe mbona unachagua marumaru? Nikarudi kwenye sakafu yangu."

Nje ya duka la vifaa vya ujenzi anakonunua rangi kuna mtu anayeuza vitabu vilivyokwisha kutumika, amevitandaza juu ya turubai. Ni mtani mkubwa na hasomi bidhaa zake. "Muuza dawa akizinywa zote atabaki na afya?" humwambia anayemuuliza habari za kitabu. Mama Rola alimpita kila siku bila kusimama, kwa kuwa mikono yake mara zote ilikuwa na ndoo.

Siku moja alisimama, akamwambia anataka kitabu cha kumfundishia mtoto kuchora. Muuzaji akamtolea vitatu. Viwili vilikuwa vinang'aa. Cha tatu hakikuwa na jalada wala jina, kurasa zake zimepinda na zina madoa ya kila rangi.

"Chukua hivi, fundi," alisema, akimsogezea vile viwili. "Vipya kabisa. Hakuna hata mtoto mmoja aliyevigusa."

"Na hicho?"

"Hicho nimekiweka cha kufungia misumari."

Mama Rola anasema alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kisafi, ndipo maneno ya muuzaji yakamrudia. Hakuna hata mtoto mmoja aliyevigusa.

"Kwetu sisi, ukiona brashi mpini wake hauna hata tone la rangi, ujue mwenyewe ni mvivu au ameinunua jana," anasema. "Fundi namjua kwa suruali. Sasa kitabu cha kuchora kimeshatoka kwenye nyumba ya watoto na hakina doa. Watoto wenyewe wamekikataa hicho."

Aliketi kwenye ukingo wa barabara na vitabu vyote vitatu mapajani, ndoo pembeni, akavipitia ukurasa kwa ukurasa. Katika vile visafi kila somo liliishia kwenye picha iliyokamilika ambayo mtoto alitakiwa kuifikia. Katika kile kichafu hakukuwa na picha ya kufikia. Kulikuwa na maneno machache ya kazi, na nafasi tupu chini yake. Watu waliokitumia kabla walikuwa wamechora humo humo, na mikono yao haikufanana. Palipoagizwa kiatu palikuwa na viatu vitatu, cha penseli, cha wino na cha rangi, na hakuna kilichokuwa pacha wa mwenzake. Hakuna aliyewekewa alama ya kosa.

Alikilipia kwa bei ya chupa ya maji. Vile viwili vingekula ujira wake wa siku mbili. Muuzaji alimwuliza kama ana uhakika, kisha akaomba arudishiwe angalau kurasa za mwisho, misumari ilikuwa inamsubiri.

Somo la kwanza lilifanyika jioni, katika nyumba hii hii, wakati sebule ilikuwa bado na lipu mbichi. Kazi ilisema: chora kiatu chako bila kutazama karatasi. Chini yake iliongeza kwamba mtu mzima aliyeko chumbani asikae kando, naye achore.

Chiriku alianza kwa kutafuta utepe. Mama akamwambia leo utepe hakuna. Mtoto akaweka mikono mapajani na kukaa, kama alivyokaa kwenye mtihani. Mama Rola hakuwa na kitabu kingine cha kujaribu baada ya hicho.

"Nikasema liwalo na liwe, nitaanza mimi," anasema. "Nilijua nitamtolea mfano mzuri. Miaka yote hii nimeshika brashi, kiatu kitanishinda?"

Alivua buti lake la kazi akaliweka mbele yake. Akalitazama, mkono ukazunguka kwenye mfuko wa saruji kwa kujiamini kote kwa mtu anayepaka dari bila utepe. Alipomaliza, wote wanne waliinama kutazama.

"Mama amechora kiazi," alisema Tone.

"Kiazi gani," alisema baba. "Hilo ni sikio."

Mama Rola alilitazama buti, akatazama mchoro, akagundua jambo ambalo miaka kumi na minne ya kazi haikuwahi kumwambia. Hajui kuchora. Anajua kupaka rangi hadi mwisho wa ukuta na kusimama hapo, na ufundi huo ni mzuri na unamlisha, lakini ni mwingine. Alikuwa amemfundisha mtoto kazi yake, akidhani anamfundisha sanaa.

Chiriku alikuwa ameshika tama, akikitazama kiazi kile kwa muda mrefu, na midomo yake ikaanza kucheza. Kisha akacheka. Alicheka hadi akalala chali kwenye vumbi, na Tone akacheka kwa sababu dada yake anacheka.

"Mama," alisema alipopata pumzi, "kiatu chako hakina kisigino. Lete."

Akachukua penseli. Akakiwekea kiazi kisigino, kisha kamba, kisha tundu pale kidole gumba cha mama kinapochungulia. Kikawa kiatu. Akachora cha pili, ili kisikae peke yake. Halafu mkono ukasimama. Akainua macho na kuuliza swali ambalo Mama Rola analirudia kwa sauti ndogo, kama lilivyoulizwa.

"Ng'ombe anaruhusiwa?"

Mama alisema anaruhusiwa. Kisha akatoka nje, akajifanya anatafuta msasa, akalia kwenye rundo la mchanga mpaka mumewe akamletea msasa.

Mambo hayajawa matamu yote tangu hapo. Mtihani wa pili Chiriku alichora karatasi nzima, mbele na nyuma, akapewa alama za wastani, chini ya zile alizopata kwa samaki. Mwalimu aliandika kwamba mtoto anahitaji unadhifu. Wifi naye alisikitika, akasema zamani mtoto alikuwa na mkono safi.

"Nikamwambia, wifi, wewe ukitaka usafi niite mimi, nitakupakia nyumba," anasema Mama Rola. "Mtoto muache."

Sanduku la penseli limepata kazi. Tone alizichonga zote siku moja, kwa wema, na sasa hakuna inayolingana na mwenzake. Rangi za nta zinaruhusiwa kwenye karatasi tu, na hilo halina mjadala. Kwa ukutani Mama Rola ameruhusu chaki. Ameijaribu kwenye ukuta wa choo kabla ya kuinunua: inafutika kwa kitambaa kibichi na haitokezi tena. Siku za kazi anawaachia watoto ukuta mmoja, ule utakaopakwa mwisho, wautumie mpaka zamu yake ifike. Wake za mafundi wawili, ambao nao wanafundisha watoto nyumbani, walikuja kumwuliza wanunue kitabu gani. Aliwaambia hana jina la kitabu, chake hakina jalada. Wakapekue wakitafute kile ambacho watoto wa watu wamekichafua, kisha wakubali kuchekwa.

Ana mpango wake pia. Nje ya mji, yeye na mumewe wana kiwanja kidogo chenye msingi wa mawe na nyasi nyingi. Kazi inapokwisha wanaongeza kozi moja, yaani mstari mmoja wa matofali, na kazi nyingine zinakwisha bila tofali. Ameshaichora ramani ya nyumba kwa mkono wake, na Chiriku ameisahihisha.

"Marumaru atachagua mwenyewe," anasema, akionyesha chooni kwa kidevu. "Rangi nitachagua mimi. Ila sebuleni ukuta mmoja sitaugusa. Nitaupiga lipu, nitaupiga msasa, nitauacha. Huo utakuwa wa watu wengine."

Chai imekwisha. Amesogeza ngazi mbele ya ukuta wa nne, ameweka ndoo ya maji chini na kitambaa ndani yake. Kwa mara ya kwanza leo anautazama. Ng'ombe wamejaa ukuta mzima, wengine wanapanda ngazi, wengine wamebeba ndoo. Mmoja amejifunga mfuko wa plastiki kichwani. Wote wana viatu, na viatu vyote vina visigino.

Kitambaa kinachuruzika sakafuni. Mama Rola amekishika na hasogei. Baba ametoka chooni na kusimama mlangoni pasipo mlango.

Chiriku ameinua macho kutoka kwenye kitabu chake. Anamtazama mama yake, anatazama ukuta, kisha anarudi kwenye ngazi aliyokuwa akiichora.

"Futa tu, mama," anasema. "Wengine bado wamo kichwani, hawajatoka."

Mama Rola anakamua kitambaa, anainama, na anaanzia kwenye viatu.